Kurudi Mkekani

(Hotuba iliyosomwa Buyenzi, Bujumbura, siku ya kuadhimisha miaka arobaini ya Jumuiya yetu)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Bwana Mwenyekiti, mashekhe wenzangu, wazee wetu, kina mama, na nyinyi wanangu wa madrasa mlioketi huku mbele mkinitazama kwa macho ya watu wanaojizuia kucheka: Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Kamati iliponiomba niseme maneno machache juu ya historia ya kasida katika Jumuiya yetu, nilikubali upesi, kwa kuwa nilidhani ni kazi nyepesi. Nani aijuaye historia hiyo kuliko mtu aliyefundisha kasida humu muda wa miaka ishirini na sita? Walakini kila niliposhika kalamu niliona ya kuwa historia niijuayo mimi kwa yakini ni moja tu, nayo si ya kujisifu. Ni habari ya mwalimu aliyerudi kuwa mwanafunzi. Najua wengi wenu mmekwisha kuisikia barazani, imeongezwa chumvi huku na kupunguzwa kule. Basi leo isikieni kwangu mwenyewe.

Mimi nilifundishwa kasida nikiwa mtoto wa miaka tisa, na mzee mmoja aliyevuka ziwa kutoka Ujiji akaja kukaa mtaani kwetu. Hakuwa na ubao wala daftari. Alikuwa akiimba mstari mmoja, nasi tukaurudisha. Akiridhika huendelea, asiporidhika hutikisa kichwa, akauimba tena, hata mara kumi. Hakutuambia jina la sauti aliyoitumia, wala sidhani kama tungelijali kulijua. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji aliyekuwa mufti wa Madina katika karne ya 18, tulikuwa tunayajua yote kwa moyo kabla hatujajua maana ya nusu yake. Baadaye tulifundishwa na mengine, khasa yale ya Simtud-Durar ya Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, yaliyopelekwa Lamu na Habib Swaleh, na kutoka huko yakaenea pwani na bara. Mambo haya yalifika kwetu kwa vinywa vya watu. Mlolongo wake ni midomo na masikio, na pakiharibika pete moja, zote zifuatazo zimeharibika. Nawaomba mlishike neno hili, kwa sababu nitalirudia kwa masikitiko.

Yule mzee alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Nasema hivi bila ya kiburi, kwa kuwa sauti hiyo haipo tena. Wazee wakaniweka niwe mwalimu. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipoanza, ambalo mtu asiyefundisha hawezi kulidhani: mwalimu wa kasida ndiye mtu aimbaye kidogo kuliko watu wote. Kazi yake ni kupiga kofi la kipimo, kumkodolea macho anayechelewa, kuwaonyesha wapiga dufu pa kuingia na pa kunyamaza, na kukemea. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiimba mstari kamili ili wanirudishie. Mwaka wa tano nilikuwa nikiimba nusu ya mstari. Mwaka wa kumi nilikuwa nikisema tu, "Kama kawaida." Kufika mwaka wa ishirini sikuwa na haja ya kufungua kinywa, na kwa kweli sikukifungua. Nikiulizwa, nilijibu ya kuwa koo langu limechoka kwa ajili ya kuwatumikia Waislamu. Jawabu hilo lilipendwa sana na watu.

Katika miaka hiyo hiyo mfadhili mmoja, ambaye nia yake ilikuwa njema na thawabu yake iko kwa Mola wake, alituletea kinanda cha umeme. Tulikifurahia kama harusi. Mwanafunzi mmoja alijifunza kukipiga, na mimi nikaona raha, kwa maana sasa hata ile nusu ya mstari ilitolewa na kinanda. Watoto waliimba juu ya kinanda, na kinanda hakichoki wala hakiugui mafua.

Mwaka juzi alirejea kijana wetu mmoja aliyekuwa masomoni Misri, katika Chuo cha Azhar. Nilimfundisha mimi kasida alipokuwa mtoto. Huko Kairo, mbali ya masomo yake, alikuwa akiketi jioni na watu wanaosoma kwa sauti za ibtihali, akajifunza elimu ya maqamu. Usiku wa Maulidi yetu alikaa nyuma akasikiliza, wala hakusema neno. Siku ya tatu akanijia nyumbani, akaamkia, akakaa chini kwa adabu ya mwana kwa baba. Tukazungumza mambo ya Misri, bei ya nyumba, baridi ya huko. Kisha akaniambia, "Maalim, niwie radhi. Ile kasida ya kufungulia, tuliyofundishwa na wewe zamani, ilikuwa Rasti. Siku hizi watoto wanaiimba Ajamu."

Wengine kati yenu maneno hayo hawayajui, na mimi pia siku hiyo niliyajua kwa majina tu. Nitayaeleza kadiri nilivyoeleweshwa. Maqamu ni ngazi ya sauti: umbali uliopo baina ya daraja na daraja ndio unaoipa ngazi tabia yake. Zipo nyingi, na watu wetu hutaja khasa saba, nazo ni Bayati, Rasti, Hijazi, Saba, Sika, Nahawandi na Ajamu. Rasti na Ajamu ni kama ndugu wawili wanaofanana usoni. Wanaanza pamoja, wanapanda daraja ya pili pamoja, lakini wakifika ya tatu wanaachana. Daraja ya tatu ya Ajamu iko juu, imenyooka, ina furaha ya gwaride. Ile ya Rasti iko chini yake kidogo, chini kwa kiasi cha robo ya sauti, mahali ambapo si juu wala si chini. Na ni hapo hapo penye utulivu wake wote. Sasa kinanda tulichopewa kina sauti kumi na mbili tu tangu sauti moja hata mwenzake wa juu, na hiyo ya katikati haimo. Vipo vinanda vilivyotengenezwa hivi karibuni ambavyo mtu anaweza kuviamuru vishushe sauti kwa robo, lakini chetu si cha namna hiyo. Basi mpigaji alipoikosa daraja ya Rasti alibonyeza iliyo jirani yake. Watoto wakakifuata kinanda. Na mimi, mwalimu wao, nilikuwa nimeketi pale pale nikipiga kofi la kipimo.

Nilikasirika. Sitaki kuwaficha. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nimekufundisha kabla hujaota meno ya ukubwani." Akanyamaza. Kisha akasema ya kuwa yupo mama mmoja katika barabara ya pili kutoka kwetu aliyehifadhi kaseti ya Maulidi ya zamani, ambayo ndani yake yule mzee wetu wa Ujiji anasikika akiimba. Tukaenda. Mama yule, Mungu amjaze kheri, alikuwa ameifunga kaseti katika khanga ndani ya sanduku. Radio ya kaseti tuliazima kwa jirani.

Ukanda ulikuwa umechoka na ulikwenda mbio kidogo. Nikajitetea nikasema, kaseti inayokwenda mbio hupandisha sauti, kwa hiyo si ushahidi. Yule kijana akanijibu kwa upole: ukanda ukienda mbio hupandisha sauti zote kwa pamoja, walakini umbali baina ya sauti na sauti haubadiliki, ngazi ikiinuliwa yote na kuwekwa juu ya meza, vidato vyake ni vile vile. Basi nikasikiliza. Mzee akaimba mstari wa kwanza, akafika daraja ya tatu, akaiweka pale pale pasipo juu wala chini, na mwili wangu ukaitambua kabla ya akili yangu. Nikaona mkeka, na kanzu yake yenye kiraka begani, na kichwa chake kikitikisika. Kwa muda wa miaka isiyopungua kumi na miwili nilikuwa nimewafundisha watoto wa Kiislamu jambo asilotufundisha yeye, na wale watoto wakubwa wamekwisha kuwafundisha wengine, na wapo waliohamia Uvira na Kigoma na kulipeleka huko.

Kabla sijaendelea nataka kuwajibu wale ambao hawapendi hata kulisikia neno muziki likitajwa katika mkutano kama huu. Mimi leo sitoi fatwa. Wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani juu ya ala na juu ya kuimba, na Imamu Ghazali ameweka katika Ihya kitabu kizima cha adabu za kusikiliza. Atakaye na akisome. Ninayoyasema ni juu ya sauti ya mwanadamu inapomsifu Mtume, na juu ya mtu aliyepewa amana ya sauti hiyo.

Wala msidhani ya kuwa shida hii ya kinanda ni yetu peke yetu, watu wa kando ya ziwa. Mwaka wa 1932 ulifanyika Kairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, katika zama za Mfalme Fuad wa Kwanza, wakahudhuria wataalamu wa Mashariki na wa Ulaya. Moja katika mambo waliyobishana sana ni hilo hilo: je, piano iingizwe katika muziki wa Kiarabu, au itaua zile sauti za katikati? Wapo waliosema ni maendeleo, wapo waliosema ni msiba. Niliposomewa habari hiyo nilipata faraja ndogo, kwamba wakubwa kuliko mimi walishindwa kuafikiana. Lakini wao angalau walisikia ya kuwa pana jambo la kubishania. Mimi sikusikia kitu.

Nikafikiri siku nyingi la kufanya. Mzee mmoja ninayemheshimu, rafiki yangu wa miaka mingi, alinishauri nijifunze kwa siri. "Mwite kijana nyumbani kwako usiku," akasema, "akufundishe mlango ukiwa umefungwa, kisha utoke kama mtu uliyekuwa ukijua siku zote. Sheikh akikaa na watoto mkekani, nani atamwuliza mas'ala kesho?" Ushauri ule ulinipendeza mno. Nikaufuata muda wa siku sita. Usiku wa saba nikaona haufai, wala si kwa sababu ya uchaji wangu, bali kwa sababu ya kazi yenyewe: kasida haiimbwi na mtu mmoja. Peke yangu nilidhani nimeipata ile daraja, kwa sababu hapakuwa na sauti ya pili ya kuniambia sikuipata.

Tena nikakumbuka yale niliyowasomea watu mara nyingi bila ya kuyaweka nafsini mwangu. Nabii Musa, alayhis salaam, ambaye Mwenyezi Mungu alisema naye, alisafiri kutafuta mwalimu, na habari yake imo katika Suratul Kahf. Tena akawa mwanafunzi asiye na subira, akavunja sharti mara tatu. Mtume wetu (S.A.W.) alimwomba Abdallah bin Mas'ud amsomee Qur'ani. Ibn Mas'ud akastaajabu, vipi atamsomea yeye ambaye Qur'ani imeteremshwa kwake. Mtume akamweleza ya kuwa anapenda kuisikia kwa mwingine. Alipofika mahali fulani katika Suratun Nisaa akamwambia basi, na Ibn Mas'ud akatazama, akaona macho ya Mtume yanabubujika machozi. Hadithi hii nimeieleza katika darasa zangu pengine mara thelathini. Kila mara niliieleza kama dalili ya utukufu wa Qur'ani, na ni kweli. Lakini imo pia habari ya yule aliyefundisha watu wote, naye akataka kukaa upande wa wasikilizao.

Na huyo Ghazali niliyemtaja, mwaka wa 1095 aliacha kiti chake katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, akiwa ndiye mwalimu mashuhuri kuliko wote. Amesimulia mwenyewe ya kuwa alijaribu kufundisha, ulimi wake ukafungwa, hata neno moja halikutoka. Akaenda zake Sham na kwingineko, akakaa kama mtafutaji, na miaka kumi na kitu ikapita kabla hajarudi kufundisha, mara hii Nishapur. Mimi si Ghazali, hata unyayo wa kiatu chake siufikii. Ila hili la mwalimu kufungwa ulimi nimelifahamu kwa namna yangu duni.

Yule kijana, ili kunitia moyo, alinisimulia pia habari za Wamisri wa kazi hii, na moja yao siachi kuifikiria. Palikuwa na mtu akiitwa Muhammad al-Qasabgi, aliyezaliwa 1892. Alisomea ualimu, akafundisha kidogo, kisha akaacha akashika udi. Akawa bingwa wake, akawafundisha mabingwa. Alimtungia Umm Kulthum nyimbo tangu miaka ya 1920 hata miaka ya 1940. Kisha akaacha kumtungia, na wengine wakachukua mahali pake. Hakuondoka. Aliendelea kukaa nyuma ya mwimbaji yule, na udi wake magotini, akipiga nyimbo zilizotungwa na wenzake, mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Husimuliwa ya kuwa kiti chake kiliachwa kitupu. Na huyo Umm Kulthum mwenyewe, binti wa imamu wa msikiti wa kijijini, alipofika Kairo alikuwa tayari akilipwa kwa uimbaji wake. Hata hivyo akakubali kuwa mwanafunzi wa Sheikh Abu al-Ila Muhammad, akajifunza upya namna ya kulipa kila neno haki yake, hata mzee huyo alipofariki mwaka wa 1927. Na kwetu pwani, husimuliwa ya kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hata 1888, alimpeleka Misri Mohamed Ibrahim ili akajifunze kupiga ganuni, naye aliporudi akawafundisha wengine. Basi safari ya kwenda kukaa mbele ya mtu ni ya zamani. Yangu ilikuwa fupi: hatua mia mbili kutoka mlangoni pangu hata madrasa.

Nilikwenda Jumamosi moja baada ya Alasiri. Nilivua viatu pamoja na viatu vidogo vidogo arobaini, nikaketi mstari wa nyuma karibu na mlango. Watoto walidhani nimekuja kukagua, wakanyooka wote migongo. Yule kijana, ambaye sasa namwita Ustadhi wala si mwanangu, angalau ndani ya chumba kile, akaimba mstari. Wote wakaurudisha. Nikaurudisha pamoja nao, na daraja ya tatu sauti yangu ikapasuka kama mti mkavu.

Wakacheka. Ustadhi akataka kuwakemea, nikamwashiria aache. Walikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningelicheka lau nisingelikuwa mimi.

Tatizo la kwanza lilikuwa pumzi. Kifua cha mtu wa miaka hamsini na sita si kifua cha miaka ishirini, na zile nyuzi za kooni, mtu akizeeka, hupungua unene na ulaini, na zisipotumika hudhoofika upesi zaidi. Nilikuwa nikivuta pumzi kwa mabega, kama mpandaji mlima. Binti mmoja wa miaka tisa aliye mbele yangu aligeuka akaninong'oneza, "Babu, vuta tumboni, halafu usiimalize yote." Nimesoma vitabu vingi visivyonifaa kama maneno yale. Tatizo la pili lilikuwa sikio: nilikuwa nimezoea kusikia makosa ya watu, kwa hiyo nikiimba nilisikia makosa ya jirani yangu, yangu siyasikii. Miezi mitatu ilipita kabla sijaanza kujisikia mwenyewe, na niliyoyasikia hayakunifurahisha. Magoti sitayataja.

Sasa nafikia jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Laiti lisingekuwako.

Siku ile sauti yangu ilipopasuka, baada ya darasa Ustadhi aliniuliza, pengine bila ya kukusudia lolote, kama namkumbuka mwenzake fulani waliyekuwa wakisoma pamoja mwaka wa 2001. Nilimkumbuka kwa shida. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, mwenye sauti ya juu iliyosafi kuliko wote, niliyemweka mbele kila Maulidi. Mwaka huo sauti yake ikaanza kupasuka. Hili ni jambo la maumbile: mtoto wa kiume akikaribia kubaleghe zoloto hukua, nyuzi za sauti hurefuka, na sauti hushuka karibu ngazi nzima. Katika miezi ile ya kushuka haijui ikae wapi, mara juu mara chini. Dawa yake ni kumwacha aimbe kidogo, polepole, chini, mpaka itulie. Mimi sikulijua hilo, wala sikuuliza. Usiku wa Maulidi sauti yake ikavunjika mbele ya wageni wetu waheshimiwa, nami nikaona nimeaibishwa. Nikamwondoa katika mstari. Nilikumbuka kumwondoa, nililomwambia sikulikumbuka.

Nikaenda kumtafuta. Sasa ni fundi mwenye gereji yake, si mbali na soko la Ruvumera. Alinipokea kwa heshima kubwa, akanipangusia kigoda, akaagiza chai. Nilipomweleza nililolijia, akacheka akasema mambo ya utotoni yamekwisha. Nikang'ang'ania. Ndipo akaniambia, huku akiifuta spana ambayo ilikuwa safi tayari, ya kuwa nilimwambia mbele ya wenzake asifungue tena kinywa chake mbele za watu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sheikh, mimi nikiwasalisha mke wangu na watoto nyumbani, hata Magharibi nasoma kwa siri."

Ndugu zangu, mnajua maana yake. Sala za kusomwa kwa sauti, za alfajiri, za magharibi na za isha, nyumbani kwa mtu yule zinasaliwa kimya tangu alipooa. Watoto wake hawajapata kumsikia baba yao akisoma Alhamdu. Na mimi wakati huo wote nilikuwa nikiitwa mwalimu wa sauti wa Jumuiya hii, nikipewa mahali pa mbele, nikipigiwa takbiri.

Nilimwomba radhi pale pale mbele ya vijana wake wa gereji. Akanisamehe kwa ulimi, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanisindikiza hata barabarani. Nimekwenda kwake mara nne tangu siku ile. Kila mara tunakunywa chai. Nimemwambia habari za darasa la Jumamosi, nimemwambia ya kuwa mimi mwenyewe ninapasukwa na sauti wala hakuna anayefukuzwa. Hujibu, "Inshaallah, Sheikh," na nyinyi mnajua ya kuwa inshaallah ya mtu mpole huweza kuwa la. Mpaka leo hajaja. Sijui kama yumo humu ukumbini. Kama yumo, sitamtazama. Nimeshamtazama vibaya mara moja, inatosha.

Juu ya kasida zenyewe, Kamati inataka nieleze tulipofikia. Kinanda hatukukitupa; watoto wa shule hukitumia kwa nyimbo zao, ambazo hazina haja ya sauti za katikati. Kasida tunaziimba kwa dufu na vinywa peke yake. Kaseti ya yule mama imenakiliwa katika simu kadhaa ili isipotee, na asili amerudishiwa, nayo imefungwa tena katika khanga ile ile. Tumerekebisha kasida tatu mpaka sasa. Ya nne inatushinda, kwa sababu katika kaseti inapofika beti la pili mbwa wa jirani anabweka, na Ustadhi na mimi tumekhitilafiana juu ya kilichoimbwa chini ya sauti ya mbwa. Yeye anasema Bayati inahamia Saba. Mimi nasema haihamii. Kama yupo mzee hapa anayekumbuka, na aje atuamue.

Na wale niliowafundisha Ajamu mahali pa Rasti, waliomo humu na walioko Uvira na Kigoma, nawaomba msamaha kwa jumla, na kila mmoja nikimwona nitamwomba peke yake. Nimewaandikia walimu wa huko. Mmoja amejibu kwa furaha. Mwingine amejibu ya kuwa watu wake wameizoea hivyo na wanaipenda, na mimi sina la kumwambia, kwa sababu ni mimi niliyewazoesha.

Darasa la wakubwa linakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, pamoja na watoto, kwa kuwa hatuna mwalimu wa pili. Atakayekuja na aje na mto wa kukalia. Hakuna ada. Mstari wa nyuma una nafasi tele, khasa upande wa mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuingia kwa kuchelewa na kutoka bila ya kuonekana.

Mwenyekiti ananiashiria ya kuwa wakati umekwisha, na watoto wamekwisha kusimama. Wataimba ile ya kufungulia. Niwieni radhi nishuke, maana mahali pangu ni mstari wa pili, mtu wa tatu kutoka kushoto, na yule binti hatanisubiri.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.